Doa la nani? Namna darizi ya Lucknow inavyowapoteza mafundi wake

Kila inapozungumzwa darizi ya mkono ya India, lawama ya kwanza hutupiwa mashine za kudarizi za Surat, mji wa viwanda vya nguo magharibi mwa India. Zina fungu lao la lawama, na nitazifikia. Lakini ukiifuatilia kurta (shati refu la Kihindi) moja ya darizi ya chikan tangu inapokatwa hadi inapotundikwa dukani Chowk, mtaa wa kale wa biashara hiyo mjini Lucknow, utaona kwamba ugonjwa mkubwa uko kwenye malipo: nani analipwa, analipwa lini, na kosa likitokea hasara inamwangukia nani. Mashine zilikuta mlango umeshaachwa wazi.

Kwa asiyeijua, chikankari, au kwa kifupi chikan, ni darizi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe chepesi, ingawa siku hizi rangi zote zimo. Makao yake ni Lucknow, jimbo la Uttar Pradesh, pamoja na vijiji vya wilaya jirani kama Barabanki, Unnao na Hardoi. Masimulizi ya mjini humpa sifa Nur Jahan, mke wa Jahangir, mfalme wa Wamughal wa karne ya 17. Lenye uhakika zaidi ni kwamba ilinawiri chini ya manawabu, watawala wa zamani wa Awadh, eneo la Lucknow, watu waliokuwa na fedha ya kulipia melimeli nyembamba na subira ya kungoja imalizike. Wadarizi wa leo wengi ni wanawake, wengi wao Waislamu, na kazi huifanyia nyumbani, katikati ya kupika na kulea.

Kipande kinavyozunguka

Mwenye mtaji, ambaye Lucknow humwita mahajan, hununua kitambaa kwa jora na kumpa fundi cherehani akate. Kurta moja ya mtu mzima hula kama mita mbili na nusu. Vipande vilivyokatwa huenda kwa mchapaji, mwenye rafu zilizojaa mihuri ya mbao ya maua, majani, embe na mizabibu. Kwa kitambaa cheupe huchapa kwa buluu ya kufulia iliyokorogwa na gundi na maji. Kwa kitambaa cha rangi nzito hutumia unga mweupe wa oksidi ya zinki, nao pia kwa gundi. Rangi hizi zimechaguliwa kwa sababu hutoka zikifuliwa.

Hapo tayari kuna mambo matatu yanayoweza kuharibika. Gundi ikipungua, mchoro hufutika kwa jasho la mikono kabla mdarizi hajafika nusu, naye hubaki kubahatisha jani linaishia wapi. Gundi ikizidi, rangi hung'ang'ania kwenye nyuzi na dobi atalazimika kuisugua kwa nguvu. Na muhuri ukichakaa, ncha zake huviringika, mstari unatoka mnene. Ili kuufunika, mdarizi hutumia uzi mnene zaidi kuliko kazi inavyotaka. Mnunuzi akiona darizi nzito isiyo na umbo hudhani mkono wa mdarizi ndio mbovu, kumbe kosa ni la muhuri ambao mwenye mali hakutaka kununua mwingine.

Kutoka kwa mchapaji, mzigo hubebwa na dalali hadi vijijini na mitaani. Dalali huyu mara nyingi ni mwanamke wa mtaa huohuo, anayefahamika na kila nyumba. Na hapa kurta moja haikai kwa mtu mmoja. Nyumba ya kwanza hujaza kivuli cha majani, ya pili huweka punje, ya tatu hufungua wavu, ya nne hutoboa matundu. Kila nyumba hulipwa kwa kipande, na hakuna hata mmoja kati yao anayeiona kurta ikiwa imekamilika.

Mwisho kabisa huja dobi, ambaye kwa desturi hufulia ukingoni mwa mto Gomti. Kitambaa huwa kimezunguka mikononi kwa majuma au miezi, kimekuwa cha kijivu, kina buluu, mafuta ya taa na masizi. Huloweshwa muda mrefu, hufuliwa kwa sabuni na soda ya kaustiki, hutiwa dawa ya kung'arisha, husuuzwa, hupitishwa kwenye asidi nyepesi kuondoa mabaki, hutiwa wanga, hupigwa pasi. Dawa ikikaa kupita kiasi, pamba hulika, na palipo dhaifu kuliko pote ni kwenye wavu. Uzi wa rangi usioshika vizuri huchuja na kuchafua eneo zima. Mafundo yaliyoachwa marefu nyuma hunaswa kitambaa kinapopigwa jiweni, na jani zima huvutika.

Angalia sasa mpangilio huo. Makosa ya mchapaji, ya dalali aliyeuweka mzigo sakafuni, ya mdarizi wa kwanza na ya dobi mwenyewe hujitokeza mahali pamoja: baada ya kufua. Na malipo ya mdarizi mara nyingi husubiri hapo hapo. Kukionekana doa, tundu au chozi la buluu lililokataa kutoka, ujira hukatwa, na anayekatwa ni yule asiye na namna ya kuthibitisha kwamba kipande kilimfikia kikiwa tayari na doa. Mwenye mali ana daftari. Dalali ana daftari. Mdarizi ana kumbukumbu tu.

Mishono inayokufa, na kwa nini

Orodha za chikan hutaja mishono 32, wengine 36, inategemea unahesabu vipi matoleo ya mshono mmoja. Kwa kazi, igawe mafungu matatu: ya kulala, ya kuinuka na ya wavu.

Ya kulala ni kama tepchi, mshono wa kupitisha tu, na bakhiya, inayofanyiwa nyuma ya kitambaa. Kwenye bakhiya sindano huruka kushoto na kulia ya ua, uzi ukijipishanisha upande wa nyuma, na mbele kunaonekana mistari miwili ya vidoa yenye kivuli cheupe katikati. Uzuri wake wote unategemea wembamba wa kitambaa. Ukiifanya juu ya pamba nzito, kivuli hakipo, na kilichobaki ni mistari miwili isiyo na sababu.

Ya kuinuka ni phanda na murri. Phanda ni fundo dogo la mviringo kama punje ya uwele; murri ina umbo la punje ya mchele. Murri huanza na vishono vichache vya kurudi nyuma kuwa msingi, halafu uzi hulazwa juu yake kwa mshazari, ukiingia na kutoka karibu palepale, hadi punje inajaa na kusimama. Ukivuta sana, kitambaa hukunjamana na kufanya kishimo chini yake. Ukilegeza, punje hufunguka ikifuliwa mara ya kwanza. Na punje zote za ua moja lazima zilingane, vinginevyo ua huonekana limeoza upande.

Wavu, yaani jali, ndio kipimo cha fundi. Watu wengi hudhani nyuzi za kitambaa hukatwa. Hazikatwi wala hazichomolewi. Sindano husukuma mtande (nyuzi za urefu) huku na mshindio (nyuzi za upana) kule, na vishono vidogo vya kukaza huvifunga visirudi mahali pake, tundu baada ya tundu, kwa mistari iliyonyooka. Uzi wake ni mwembamba, mmoja au miwili. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyewahi kushika kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono Lamu au Unguja atalielewa haraka suala la kuzungushia tundu hadi lisimame lenyewe. Jali ni jirani wa kazi hiyo, ila kwenye kitambaa chepesi mno kinachotoroka kila unapokigusa.

Kinachoiua jali ni vitu viwili. Kwanza kitambaa. Melimeli ya pamba iliyofumwa kwa uwazi inakubali kusukumwa. Polista iliyofumwa kwa kubana haikubali. Nyuzi zake huteleza na kurudi. Wafanyabiashara walipohamia vitambaa vya bei nafuu visivyokunjamana, waliuondoa mshono huo pasipo kutoa amri yoyote. Pili ni bei. Malipo ya kipande hupima eneo lililofunikwa, si uchache wa nyuzi kwenye sindano. Mtu akitumia nyuzi sita pamoja na vishono virefu, anamaliza maua yote kabla ya mwenzake wa uzi mmoja hajamaliza shingo, na wote wawili hulipwa kwa kiwango kinachokaribiana. Asiyekuwa mjinga huchagua nyuzi sita. Kisha binti yake hujifunza nyuzi sita.

Ndiyo maana siku hizi ukienda kijijini unakuta nyumba baada ya nyumba zinazojua bakhiya pekee, nzito na ya haraka. Watu huita hali hiyo kushuka kwa ustadi, kana kwamba ni uvivu. Mimi naiona ni hesabu iliyopigwa sawasawa na watu wanaojua wanacholipwa.

Hesabu ambayo haifanywi

Kuna njia rahisi ya kujua kazi ya mkono inapaswa kugharimu kiasi gani, na inashangaza ni wanunuzi wachache kiasi gani wa jumla wanaoitumia. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye kitambaa chenyewe, kwa muhuri wenyewe, kwa idadi ya nyuzi itakayotumika. Fundi wa kiwango cha kati, si bingwa wala mwanafunzi, audarizi huku saa ikihesabiwa. Kisha hesabu ni miraba mingapi ya aina hiyo imo kwenye vazi zima.

Tuseme, kwa mfano tu, mraba umechukua saa 3 na vazi lina miraba 12 iliyojaa. Hizo ni saa 36. Ukimlipa mdarizi rupia 60 kwa saa, darizi peke yake ni rupia 2,160. Ongeza kitambaa cha rupia 500 na umefika 2,660, kabla ya kuchapa, kufua, kushona, usafiri, pango la duka na faida. Kurta inayouzwa rupia 1,200 kwa jina la kazi ya mkono yenye wavu haiwezekani. Ama si ya mkono, ama kuna mtu aliyelipwa sehemu ndogo sana ya saa zake.

Hapo ndipo kodi inapoingia, na inaingia vibaya. Kodi ya bidhaa na huduma ya India ilipoanza Julai 2017, mavazi ya hadi rupia 1,000 yalitozwa 5%, na yaliyozidi hapo 12%. Mabadiliko yaliyoanza tarehe 22 Septemba 2025 yalipandisha mpaka huo hadi rupia 2,500, jambo jema kwa nguo za kawaida, lakini vazi linalozidi bei hiyo sasa hutozwa 18%. Rudi kwenye mfano wetu. Kurta ya mashine hukaa chini ya mpaka bila taabu. Kurta ambayo mdarizi wake amelipwa sawasawa inavuka mpaka kabla haijafika kwa dobi. Muuzaji anayetaka kubaki kwenye 5% ana mahali pamoja tu penye ulaini wa kubana: ujira.

Biashara hii imepigwa na mengine pia. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 noti za rupia 500 na 1,000 zilipofutwa, mnyororo mzima uliokuwa ukilipana taslimu ulikosa pesa za kugawa. Machi 2020 nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona, vipande vilibaki majumbani nusu vimedariziwa bila mtu wa kuvichukua, na bila kipande kurudi hakuna malipo. Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa nyingi za India hadi 50%, na wauzaji wa nje wakajikuta wakibanwa na wateja wao juu ya bei zilizokwisha kukubaliwa. Kila pigo la namna hii hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye sindano, kwa sababu wa juu yake wote wanaweza kusema "subiri".

Mashine, na namna ya kutambua

Mashine za kudarizi za kompyuta, nyingi zikiwa Surat, hutoa kwa dakika kile ambacho mkono hutoa kwa siku. Si dhambi kuzitumia. Dhambi ni kuandika "chikan ya mkono" kwenye kitambulisho cha bei. Ukikutana na kurta inayoitwa ya Lucknow, iwe katika maduka ya Hazratganj mjini Lucknow kwenyewe, Dubai au Kariakoo, ipindue. Nyuma ya kazi ya mashine kuna uzi wa pili wa chini, mwembamba, unaofuata kila mshono kwa usawa ule ule, na mara nyingi karatasi au kitambaa chepesi cha kukaza kilichobaki kando ya maua. Nyuma ya kazi ya mkono kuna mafundo, uzi unaoruka kutoka jani hadi jani, na wakati mwingine kijichirizi cha buluu ya mchapaji kwenye kona ambayo maji hayakuifikia vizuri. Kisha fananisha maua mawili ya muhuri mmoja. Ya mkono hayatalingana kabisa. La mwisho huwa na vishono vichache kuliko la kwanza, maana mkono huchoka. "Wavu" wa mashine nao hukatwa au kuchomwa, kwa hiyo ukingo wa tundu ni mgumu, na ukiutazama kwenye mwanga hutaona mtande na mshindio vikiwa vimesukumwa pembeni.

Lakini kanuni ya kupindua nyuma ina mipaka yake. Ipo kazi iitwayo anokhi chikankari, ambayo mishono yake haionekani nyuma kabisa. Naseem Bano wa Lucknow alitunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2024 kwa ustadi huo. Asiyejua angeweza kuikataa kazi yake kwa kudhani ni ya mashine kwa vile nyuma ni safi mno. Basi usitafute uchafu nyuma. Tafuta ule uzi wa pili wa chini.

Chikan ya Lucknow ilisajiliwa mwaka 2008 kama jina linalolindwa kwa mahali bidhaa inapotoka, chini ya sheria ya India ya 1999. Usajili huo humpa mtumiaji aliyeidhinishwa haki ya kushtaki. Haumtumi mkaguzi Surat. Kwa mdarizi wa Barabanki, kesi ya mahakamani dhidi ya kiwanda ni jambo la ndotoni, na wenye uwezo wa kushtaki, yaani wafanyabiashara wakubwa, baadhi yao huuza vyote viwili kwenye rafu moja.

Mikono ya serikali

Mpango wa jimbo wa bidhaa moja kwa kila wilaya, ulioanza Januari 2018, uliipa Lucknow chikan na zari (darizi ya nyuzi za dhahabu na fedha), na ulisaidia katika maonyesho na mikopo. Mpango wa taifa wa PM Vishwakarma, uliozinduliwa tarehe 17 Septemba 2023 kwa mafundi wa kazi za jadi, una fani 18. Fundi cherehani yumo. Dobi yumo. Msuka mataji ya maua yumo. Mdarizi hamo. Katika kurta moja ya chikan, anayekata na anayefua wanatambuliwa kuwa mafundi, na anayeifanya iitwe chikan hatambuliwi.

Kilichoonyesha matokeo ni kumfupishia mdarizi njia ya kwenda sokoni. SEWA ya Lucknow, shirika la wanawake wanaojiajiri, iliyoanzishwa na Runa Banerjee na wenzake mwaka 1984, ilifanya hivyo: wanawake wapokee kazi kutoka kwenye shirika lao, walipwe na shirika lao, na bidhaa iuzwe kwenye maonyesho ya miji mikubwa bila kupitia mikono minne. Faida ya pili ya njia hiyo haisemwi sana: mdarizi huona vazi zima, hivyo hujifunza mishono ya wenzake.

Na kuna macho. Baada ya miaka 40 hivi, kuona karibu hufifia kwa kila binadamu, na kazi ya uzi mmoja ndiyo ya kwanza kumshinda mtu. Mdarizi bora wa jali huacha jali katika umri ambao angekuwa anafundisha. Utafiti uliofanywa Assam, jimbo la mashamba ya chai India, kwa wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya kusomea waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya 20%. Chai si sindano. Sindano inadai macho zaidi. Mwenye mali anayelalamika kwamba hapati tena mafundi wa wavu angeanza na kasha la miwani, taa nyeupe inayotoka bega la kushoto kwa anayeshonea mkono wa kulia, na shuka safi la kufunika mapaja ili kipande kisiguse sakafu.

Kuhusu doa, dawa yake ni karatasi. Kila kipande kifungiwe kikaratasi cha namba kwenye upindo, na kila kinapobadilisha mikono kifunguliwe mbele ya wote wawili, kwenye mwanga wa mchana, pande zote mbili. Doa, tundu, mstari wa mchapaji uliopinda, uzi uliovutika: viandikwe na tarehe, au vipigwe picha kwa simu, maana simu sasa ipo karibu kila nyumba. Ujira wa darizi ulipwe darizi inapokabidhiwa, na hatari ya kufua ibaki kwa anayemchagua dobi. Wenye mali husema itawachelewesha. Kukagua kipande namna hiyo huchukua dakika mbili au tatu, kwenye vazi lililokaa mikononi kwa miezi.